Barua ya Wazi kwa Binamu Yangu Anayesubiri Tamthilia Ziishe

Binamu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimeona heri nikuandikie hadharani, kwa sababu uamuzi ulioutangaza mbele ya ukoo mzima haukuhusu wewe peke yako. Ulisema kwamba kuanzia sasa hutagusa tamthilia yoyote mpaka imalizike kabisa, msimu wa mwisho utoke, wapenzi waoane au wauane, ndipo ukae uitazame yote kwa mkupuo. Wengi walikuunga mkono, ingawa mjomba alikukumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nilinyamaza, maana sipendi kubishana mbele ya wakubwa, lakini hoja yako imenikaa rohoni na leo naomba uniruhusu niipinge, ingawa malalamiko yaliyoizaa nayakubali.

Nayakubali kwa sababu kalenda ya tamthilia imeharibika kweli. Msimu wa kwanza wa Severance ulianza Februari 2022, na wa pili ukaja Januari 2025. Ni hadithi ya wafanyakazi waliogawanywa kumbukumbu, yule wa kazini asimjue yule wa nyumbani, na nadhani waandishi wake hawakukusudia kwamba na sisi watazamaji turudi baada ya miaka karibu mitatu tukiwa katika hali hiyo hiyo, tukitafuta muhtasari ili tujue nani alimsaliti nani. Stranger Things, ile ya watoto wanaopambana na viumbe vya kutisha, ilianza Julai 2016 na kumalizika usiku wa mwisho wa mwaka 2025, na katika miaka hiyo tisa na nusu ilitupatia sehemu 42 tu. Mwigizaji wake Millie Bobby Brown alikuwa na miaka 12 msimu wa kwanza ulipotoka, na kufikia msimu wa mwisho alikuwa na miaka 21 na tayari ni mke wa mtu, huku akiigiza msichana ambaye ndani ya hadithi miaka haijasonga kwa kasi hiyo. Linganisha na ER, ile tamthilia ya hospitali ambayo wazazi wetu waliifuata tangu 1994 hadi 2009: sehemu 331 katika misimu 15, yaani zaidi ya 20 kila mwaka, bila mtu kuhitaji kukumbushwa daktari fulani ni nani.

Sababu za ucheleweshaji huu zinajulikana. Mwaka 2023 waandishi wa Marekani waligoma kwa siku 148, na kabla hawajarudi kazini waigizaji nao wakaanza mgomo wao uliodumu siku 118, hivyo kila kilichokuwa kwenye foleni kikasogea mbele. Lakini mgomo hauelezi kila kitu, na sipendi unavyotumiwa kama kisingizio cha jumla. Watayarishaji wamejizoesha kutengeneza kila msimu kana kwamba ni filamu ya saa nane, yenye picha za kompyuta zinazohitaji miezi mingi baada ya kamera kuzimwa, na yenye waigizaji ambao katikati ya misimu wanakwenda kucheza filamu tatu. Vyombo vya habari vya burudani viliripoti kwamba sehemu moja ya msimu wa pili wa Severance iligharimu takriban dola milioni 20. Mtu akitumia fedha kama hizo kwa saa moja ya televisheni, lazima atasitasita, atarudia, atasubiri.

Ndiyo maana nimekuwa nikiisifu The Pitt kila ninapopata nafasi, hata kama unasema nimekuwa kama mtu anayelipwa kuitangaza. Mpango wake ni rahisi: zamu moja katika idara ya dharura ya hospitali ya Pittsburgh, sehemu 15, na kila sehemu ni saa moja ya zamu hiyo, kuanzia saa moja asubuhi. Karibu yote inapigwa ndani ya seti moja. Hakuna muziki wa kukuambia lini ulie. Gharama yake iliripotiwa kuwa kati ya dola milioni 4 na 5 kwa sehemu, na msimu wa kwanza ulioanza Januari 2025 ulifuatwa na wa pili Januari 2026, wenye sehemu 15 vilevile, safari hii zamu ikiangukia tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Mwaka mmoja tu! Jambo ambalo zamani lilikuwa la kawaida sasa linatangazwa kama muujiza.

Steringi wake, Noah Wyle, ndiye yule yule kijana wa ER ambaye aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mara tano kwa tamthilia ile na kila mara akaondoka mikono mitupu, mpaka Septemba 2025 alipoipata kwa kumwigiza Dakta Robby, huku The Pitt yenyewe ikitwaa tuzo ya tamthilia bora. Watu walisema ni huruma ya wapiga kura kwa mkongwe. Sikubaliani. Tazama namna anavyosimama mlangoni kabla ya kwenda kuzungumza na familia iliyofiwa, jinsi mabega yanavyoshuka kisha anayapandisha mwenyewe kama mtu anayevaa koti, halafu uniambie kama hiyo ni huruma. Na kwa sababu sehemu ni 15 na si sita, wauguzi wanapata nafasi ya kuwa watu. Katherine LaNasa, anayemwigiza muuguzi mkuu Dana, naye aliondoka na Emmy, na katika tamthilia ya sehemu sita angekuwa mtu wa kupita na faili mkononi.

Sasa nije kwenye dawa uliyojichagulia, ambayo kwa maoni yangu ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Unakumbuka Dark, ile ya Kijerumani uliyoipenda mpaka ukachora mti wa ukoo wa wahusika ukutani? Walioitunga, Baran bo Odar na Jantje Friese, walitengeneza nyingine iitwayo 1899, kuhusu meli ya wahamiaji. Ilitoka Novemba 2022 ikiwa na sehemu nane na mwisho wenye kitendawili kikubwa, na mwanzoni mwa Januari 2023 ikatangazwa kwamba imefutwa. Haikupewa hata miezi miwili. The Wheel of Time nayo, inayotokana na mfululizo wa vitabu 14, ilikatwa Mei 2025 baada ya misimu mitatu, hasa wakati ambapo wengi wetu tulianza kuiona imepata miguu. Ted Sarandos, mmoja wa wakuu wa Netflix, aliwahi kueleza kwamba hadithi yenye watazamaji wachache inaweza kuishi iwapo bajeti yake ni ndogo, na yenye bajeti kubwa inahitaji watazamaji wengi. Orodha ya Netflix ya tamthilia zilizotazamwa zaidi huhesabu siku 91 za kwanza. Mtazamaji kama wewe, anayekuja baada ya miaka sita na mapenzi tele, katika hesabu hiyo hayupo. Unangoja hadithi imalizike, na wao wanakungoja wewe ili waimalize.

Ninajua utajibu kwamba mtu mmoja hawezi kuua tamthilia. Kweli, lakini ulipokuwa unatangaza uamuzi wako nilihesabu vichwa vilivyotikiswa kwa kukubali, na havikuwa vichache.

Kuna hasara nyingine, na hii ni yako mwenyewe. Chukua Pluribus, kazi ya Vince Gilligan, mtunzi wa Breaking Bad, iliyoanza Novemba 2025. Karibu watu wote duniani wameunganishwa kuwa akili moja yenye furaha na upole, isipokuwa wachache sana, na mmoja wao ni Carol, mwandishi wa riwaya mwenye hasira anayeigizwa na Rhea Seehorn. Kuna vipindi virefu ambavyo Carol yuko peke yake, haongei na mtu, na sisi tunamtazama akifikiri. Ukizitazama sehemu zote tisa kwa siku moja, nakuhakikishia kufikia ya tano utaanza kusogeza mbele. Ilipokuwa inatoka kila wiki, ule ukimya ulikuwa na kazi: tulikuwa na siku saba za kubishana kama wale waliounganishwa wanaweza kusema uongo, kama Carol ana haki ya kuwanyima wengine furaha ambayo yeye haitaki, kama sisi tungekubali. Dada yako mkubwa, ambaye kwa kawaida hatazami kitu kisicho na harusi, alinipigia simu kunieleza kwamba Carol ni mbinafsi, na tukazozana kwa saa nzima. Mazungumzo yale ni sehemu ya tamthilia, na hayahifadhiwi popote ili uje uyakute. (Nakuongezea jambo moja dogo: mwishoni mwa orodha ya majina ya watengenezaji wameandika kwamba tamthilia hii imetengenezwa na binadamu. Tumefika mahali ambapo hilo linahitaji kuandikwa.)

Halafu ujue kwamba kujikinga na siri za mwisho haiwezekani tena. Sehemu ya mwisho ya Stranger Things ilipotoka, hata watu ambao hawajawahi kuitazama walijua kilichotokea kabla ya kifungua kinywa. Waliokuwa hawakuridhika wakajiaminisha kwamba ule haukuwa mwisho halisi na kwamba sehemu ya siri ingetolewa tarehe 7 Januari. Wakatafuta dalili katika rangi za mavazi, katika vitabu vilivyopangwa kwenye rafu, katika namna wahusika walivyoweka mikono. Tarehe ikafika na hakuna kilichotoka. Nilicheka, lakini pia niliwaelewa: ukisubiri kitu kwa karibu miaka kumi, hakuna mwisho utakaokutosha. Kwangu ule mwisho ulikuwa mrefu kupita kiasi na wenye huruma kupita kiasi kwa wahusika wake, ingawa kuagana kwao kuliniliza.

Usidhani natetea kila namna ya kutoa tamthilia kidogo kidogo. Huu mtindo wa kukata msimu mmoja vipande siupendi hata kidogo. Stranger Things ilitolewa kwa mafungu matatu, Novemba 26, Krismasi na mkesha wa mwaka mpya, si kwa sababu hadithi ilihitaji mapumziko hayo bali kwa sababu sikukuu zina watazamaji. Squid Game, ile ya Kikorea ya michezo ambayo anayeshindwa huuawa, ilifanyiwa hivyo kwa jina tofauti: msimu wa pili wa Desemba 2024 ulisimama katikati ya maasi, na wa tatu wa Juni 2025 ukaendelea pale pale, kwa hiyo kile walichokiita misimu miwili ni msimu mmoja uliopasuliwa. Kutoa sehemu moja kila wiki kunampa mtazamaji muda wa kutafakari. Kutoa mafungu kunaipa kampuni miezi zaidi ya kukata malipo ya usajili.

Adolescence ndiyo pekee ninayoweza kukukubalia utazame kwa mkupuo. Ni sehemu nne tu, zilitoka Machi 2025 kwa siku moja, na kila sehemu ilipigwa bila kamera kukatishwa hata mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya tatu, ambayo karibu yote ni mvulana na mwanasaikolojia ndani ya chumba kimoja, ndiyo iliyopigwa kwanza, na Owen Cooper aliyeigiza mvulana huyo hakuwa amewahi kuigiza mbele ya kamera. Akiwa na miaka 15 akawa mwanamume mdogo zaidi kupata Emmy ya uigizaji. Imeanza, imekwisha, na kila ninaposikia mtu akiulizia msimu wa pili natamani kumziba mdomo.

Basi nina pendekezo. Kwa kuwa umeapa, na kiapo ni kiapo, tazama kwanza Andor, tamthilia ya ulimwengu wa Star Wars, ambayo inatimiza sharti lako: mtunzi wake Tony Gilroy alikuwa amepanga misimu mitano, akaona kwa mwendo ule wangezeekea kwenye seti, akaibana iwe miwili, sehemu 24, na hadithi imefungwa vizuri. Msimu wa pili umegawanywa sehemu tatu tatu, kila tatu zikiwa mwaka mmoja wa hadithi, kwa hiyo usizimeze pamoja. Ukimaliza, njoo tuanze The Pitt pamoja tangu saa ya kwanza ya zamu, sehemu moja kwa wiki, na baada ya kila sehemu unipigie simu. Kwa mwendo huo misimu miwili itatuchukua wiki 30. Ukikataa nitakuelewa, ila nami sitajibu tena zile jumbe zako za usiku wa manane unazouliza, eti kwa niaba ya rafiki, kama Carol hatimaye alikubali kuunganishwa.

Ni mimi, binamu yako.