Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Wahudumu wa Ndani ya Ndege kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, ndugu waalikwa, itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa wetu.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutukabidhi vyeti. Tumefunzwa huduma ya kwanza, kuzima moto, kuogelea na boya, kufungua milango ya dharura na kuhudumia abiria, na hayo wakufunzi watayaeleza vizuri kuliko sisi. Kwa ruhusa yako, sisi tungependa kusema jambo ambalo halimo kwenye mtaala: namna malezi tuliyotoka nayo nyumbani yalivyogongana na viwango vya kazi hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na saa. Ratiba tulizopewa huandikwa kwa saa za kimataifa, zile ambazo marubani huziita Zulu, nazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mswahili naye ana hesabu yake. Hivyo 0300 ya kwenye ratiba ni 0600 kwenye simu zetu, na kwa bibi zetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Katika mafunzo kwa vitendo, mwenzetu mmoja aliona 0300 akasoma saa tatu. Alifika uwanja wa Julius Nyerere saa mbili asubuhi, sare imenyooka, anatabasamu, na wenzake wameshatua Mwanza. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu huandika saa tatu tofauti kwenye daftari: ya Zulu, ya simu na ya kwa bibi.

Sare, kucha na nywele hazikutusumbua sana. Hayo tuliyazoea ndani ya wiki mbili.

Kilichotutoa jasho ni sauti. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hapigiwi kelele. Ukimwomba jambo, unatanguliza samahani, unainamisha macho. Siku ya kwanza ya zoezi la kuokoa abiria, mkufunzi mmoja wa makamo alijifanya bibi mwenye kikapu, akagoma kushuka bila kikapu chake. Mwenzetu akamwambia kwa upole, "Samahani bibi, naomba ukiache, tutakuletea baadaye." Mkufunzi mkuu akasimamisha saa. Aina ya ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa kutumia nusu tu ya milango. Ile samahani, na majadiliano ya kikapu yaliyofuata, vilikula sekunde 11. Tulirudia zoezi hadi jioni: "Fungua mkanda! Acha mizigo! Njoo huku! Ruka!" Baadhi yetu tulilia, na si kwa uchovu.

Baadaye tulisimuliwa habari ya Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024. Ndege kubwa ya abiria iligongana na nyingine kwenye barabara ya kurukia, ikawaka moto. Ndani yake walikuwamo watu 379, na wote walitoka hai. Mizigo iliteketea humo. Tukaelewa kwa nini saa ya mkufunzi haina huruma.

Mheshimiwa, kuna na ukimya. Tumefundishwa kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000 marubani hawasumbuliwi kwa mambo yasiyo ya usalama. Mgeni kazini hupenda sana kujificha nyuma ya kanuni hiyo, hasa akijua kwamba rubani ana umri wa baba yake. Lakini Januari 8, 1989, ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, watu 47 wakapoteza maisha. Injini iliyoharibika ilikuwa ya kushoto. Marubani wakazima ya kulia. Nyuma, abiria na baadhi ya wahudumu walikuwa wameuona moto upande wa kushoto, na rubani alipotangaza kwamba tatizo ni la kulia, hakuna aliyekwenda kumwambia. Kwa hiyo hata sisi wadogo tumeagizwa kusema tunachokiona, tena mara moja. Wazazi wetu, mtuwie radhi tukirudi nyumbani tukiwa na ndimi ndefu kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio haya, tunalo ombi. Wanaoripoti kazini saa kumi alfajiri huchukuliwa na gari la kampuni, lakini wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hatumo kwenye orodha. Kutoka Gongo la Mboto hadi Kipawa saa tisa na nusu usiku, kwa bodaboda, binti akiwa na sare na sanduku, si safari ya kumtakia mtoto wako. Tunaomba utusemee kwa waajiri ili wanaotufuata wapewe nafasi kwenye gari hilo.

Mwisho, mara baada ya risala hii tutaonyesha zoezi la uokoaji, nawe umetengewa kiti cha 14C. Tutakupigia kelele, Mheshimiwa, na neno tafadhali hutalisikia. Mkoba wako tunaomba umwachie msaidizi wako sasa hivi.

Naomba kuwasilisha.