Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Moshi Wetu Unatoka Wapi?

Wanachama wenzangu,

Nianze kwa kukiri. Mwaka jana, katika mkutano kama huu, nilisema adui yetu ni mmoja: jaa la taka la Dandora, hapa Nairobi. Mlinipigia makofi. Leo nimerudi na maneno mengine, na makofi siyatarajii.

Jaa halijatakasika. Lipo tangu 1975, lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na hadi leo taka zinamwagwa na kuungua. Sisi tunaokaa magharibi yake, upepo wa mashariki ukivuma tunafunga madirisha. Lakini tulipoketi kuiandikia kaunti barua, katibu aliuliza swali lililotunyamazisha: moshi wa saa 2 usiku, upepo ukiwa umetulia, tuna ushahidi gani kwamba unatoka huko?

Ndipo tukatundika vile vifaa vitatu vya kupima chembe laini za PM2.5: kimoja stejini, kimoja ukutani shuleni, cha tatu kwenye paa la mwanachama. Chembe hizo hazizidi upana wa mikromita 2.5, unywele wako ni kama mikromita 70. Kwa udogo huo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo.

Kifaa huzihesabu kwa mwanga, basi. Hakijui kama ni makaa, dizeli au vumbi. Hata ukungu wa Julai hukidanganya, hivyo vipimo vya asubuhi za manyunyu tuliviweka kando. Kazi kubwa ilifanywa na daftari la shilingi chache. Vijana wetu waliandika saa, upepo unatoka wapi, na nani anachoma nini.

Daftari lilipolinganishwa na vipimo, moshi ulionekana kupanda mara mbili kwa siku: asubuhi watu wakienda kazini, na usiku kati ya saa 1 na saa 4. Mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda na kuchanganyika, vipimo vikashuka. Jumapili ndiyo iliyotufumbua macho. Matatu zikiwa chache, moshi wa asubuhi ulipungua sana; wa usiku ukabaki vilevile. Basi huo wa usiku hatuwezi kuwabebesha madereva. Daftari lilitaja majiko ya makaa, vikaango vya kando ya barabara, na taka tunazochoma wenyewe nyuma ya ploti.

Wapo walioniambia wataalamu walishamaliza kazi hii. Ni kweli kwamba sampuli zilizokusanywa Nairobi kati ya 2008 na 2010 zilipelekwa maabara, na magari pamoja na vumbi la ardhi vikaonekana kuhusika na takriban asilimia 74 ya chembe hizo. Maabara husoma alama: silikoni na alumini ni udongo, potasiamu ni kuni na majani yaliyoungua. Ila sampuli zile hazikuchukuliwa kwenye vichochoro vyetu saa ya chapati.

Tulikubaliana kusitisha uchomaji taka kwenye ploti. Wengi wametii, wachache husubiri giza. Kuhusu makaa, mama mmoja muuza samaki alinisimamisha njiani: "Mwenyekiti, sasa unataka nikaange na nini?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Bei ya kujaza gesi anaijua kuliko mimi.

Barua kuhusu jaa tutaipeleka, tukitaja Ibara ya 42 ya Katiba, inayotupa haki ya mazingira safi, na kuambatisha zile siku tu ambazo upepo ulitoka mashariki. Ni chache kuliko nilivyodhani, lakini hakuna atakayezipinga kirahisi.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kifaa cha paani kilikatwa waya na panya mwezi Oktoba, na cha stejini kinahitaji mtu wa kukifuta vumbi kila Jumamosi. Anayejitolea amwone katibu kabla hatujaachana leo.