Waya "usioshika kutu" ulioshika kutu kabla ya Krismasi

Bwejuu, Unguja
30 Disemba 2024

Kwa Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Kazi za Mikono,
Dar es Salaam.

KUH: PETE 60 ZA WAYA NILIZONUNUA KWENU

Ndugu Meneja,

Baada ya salamu. Tarehe 18 Novemba niliagiza kwenu pete 60 za waya za kutengenezea mashada ya kutundika mlangoni. Kabla sijalipa nilimwambia kijana wenu kwa simu kwamba kazi yangu ni ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na simbi, yale makombe madogo ya baharini, na kwamba mashada yanakwenda kwenye nyumba za wageni za Paje na Jambiani, milango inaangalia bahari. Akanijibu, "Mama, huu umetiwa zinki, hata uutie majini." Nikalipa shilingi 210,000 kwa mkupuo, na nauli ya boti juu yangu.

Kazi yenyewe nawaelezeni, msije mkadhani ni mchezo wa watoto. Makumbi tunayafukia pwani maji yakitoka, tunayawekea mawe juu, yanakaa huko miezi. Tukiyafukua tunayaponda mpaka zibaki nyuzi. Usumba huo nausuuza mara tatu kwa maji ya mfereji kuutoa chumvi, nauanika, ndipo nauzungushia kwenye pete mpaka waya usionekane. Juu yake napitisha ukili, ule mkanda wa kusuka kwa miyaa, kisha nafunga simbi na makombe matupu. (Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, siweki, hata wageni wakiomba. Kile ni kiumbe.) Shada moja ni kazi ya saa nyingi.

Tarehe 12 Disemba nilipeleka mashada 38. Wiki haikutimia. Kutu ilianzia ndani, ikapenya usumba, ikashukia kwenye ukili mweupe na simbi, halafu ikachora michirizi kwenye kuta za chokaa. Mwenye nyumba mmoja alinionesha picha: mlango wake kama umemwagiwa chai ya rangi. Mashada 23 yameregeshwa. Hayo 15 mengine naogopa hata kuyaulizia.

Nilipokupigieni simu mlisema kosa ni la usumba wangu, una chumvi. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na ndiyo maana nasuuza mara tatu. Basi nikachukua pete tatu katika 22 zilizobaki, ambazo usumba haujazigusa kabisa, nikazitundika msumarini ukumbini. Siku ya tano zikatoka madoa. Nikakwangua moja kwa ukucha, rangi ya fedha ikabanduka kama ganda la kitunguu, chini yake chuma kitupu. Zinki haibanduki kwa ukucha. Waya wa banda langu la kuku umetiwa zinki kweli, uko nje, na kaskazi hii inaupiga moja kwa moja kutoka baharini. Huu ni mwaka wake wa tatu, na umefifia tu.

Kwa hiyo mliniuzia chuma kilichopakwa rangi kwa bei ya chuma kilichotiwa zinki, hali mkijua kinakwenda pwani.

Nataka mniregeshee shilingi 210,000 za pete, 15,000 za nauli, na 414,000 nilizowaregeshea wateja wa yale mashada 23. Ile vocha mnayotaka kunipa ya kununulia bidhaa nyengine dukani kwenu siitaki. Sina hamu ya kununua tena. Pia liondoeni neno "zinki" kwenye tangazo la pete hizi, maana kina mama wanaosuka huku pwani ni wengi, nao wanaliamini.

Nangoja jibu la maandishi mpaka tarehe 15 Januari; sikukuu ya Mapinduzi nimeshaihesabu humo. Nakala ya risiti na picha za milango zimo ndani ya bahasha hii. Nimetia na pete moja, ile niliyoikwangua nusu. Nusu ya pili nimekuachieni muikwangue wenyewe.

Wenu,
Msukaji wa mashada, Bwejuu