Ireland sio Patrick tu, Brigid naye muandikeni

Mhariri, salaam.

Machi 17 ikifika huwa mnatuwekea picha za maandamano ya Dublin na ile stori ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland, kufukuza nyoka, sina ubaya nayo, ila mimi naishi huku Ireland na naona mnamruka mama wa watu, Mtakatifu Brigid, ambaye siku yake ni Februari 1 na tangu 2023 ana mapumziko ya taifa zima (Jumatatu ya kwanza ya Februari, au tarehe 1 yenyewe ikiangukia Ijumaa), ya kwanza kabisa nchini humu kupewa jina la mwanamke. Haikuja hivi hivi, kuna kampeni inaitwa Herstory iliwapigia serikali kelele mpaka wakakubali.

Asili yake ni ya zamani mno. Kabla ya Ukristo tarehe hiyo ilikuwa Imbolc, mwanzo wa majira ya kuchipua, kondoo wanakaribia kuzaa na maziwa yanaanza kupatikana tena, na palikuwa na mungu wa kike jina hilo hilo Brigid, wa mashairi, uganga na uhunzi. Halafu akaja Brigid mtawa, anayesemekana alifariki karibu mwaka 525, akaanzisha monasteri Kildare. Wanasimulia kwamba mfalme wa Leinster, eneo la mashariki ya Ireland, alimnyima kiwanja, akamwambia basi nipe hata panapofunikwa na joho langu, mfalme akacheka akakubali, joho likatandazwa likaenea uwanda mzima! Hapo Kildare watawa walikuwa wanalinda moto usizimike, ukaja kuzimwa baadaye, na mwaka 1993 masista wakauwasha tena.

Ila kinachonigusa mimi ni mambo ya nyumbani. Mkesha wake, Januari 31, sehemu za kaskazini mmoja wa familia alikuwa anatoka nje na mzigo wa nyasi za majini, anapiga hodi kwa niaba ya Brigid, walioko ndani wanamkaribisha, ndo chakula kinaliwa na kusuka msalaba wa Brigid kunaanza. Nyasi zinang'olewa kwa mkono, hazikatwi kwa kisu. Unashika unyasi mmoja wima, wa pili unaukunja katikati yake, unageuza robo, unakunja mwingine, unageuza, hivyo hivyo mpaka kati panajaa kama mraba wa mkeka, kisha ncha nne unazifunga kwa uzi. Msalaba huo unatundikwa juu ya mlango au chini ya paa kukinga nyumba na moto. Vijana nao walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na mwanasesere wa Brigid, na kuna kitambaa kinachoachwa nje usiku kishike umande wa baraka, wanakitunza mwaka mzima, anayeumwa kichwa anafungwa nacho na mama mwenye uchungu wa kuzaa anawekewa.

Nyumbani wapo kina Brigita wengi tu waliobatizwa jina hilo, na kuna watu kibao waliosomeshwa na masista wa Kiairishi huko Kenya, nadhani wangefurahi sana kusoma habari hizi kwa Kiswahili chao kwenye gazeti lao.

Kwa hiyo Mhariri Februari inayokuja tunaomba hata nusu ukurasa, na mkiweza mchore hatua za kusuka huo msalaba watoto wajaribu shuleni, ukindu unafaa kabisa.

Msomaji wenu,
Dublin