Jumamosi: kila mtu na shoo zake

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi tunakutana Capri Point saa kumi kamili, palepale kwenye miamba. Safari hii hatubishani bendi ipi ni kali. Kila mmoja asimulie shoo za muziki wa metali alizohudhuria, kuanzia ile ya kwanza kabisa.

Sisi wa Mwanza shoo tunazifuata mbali, hilo linajulikana. Nairobi ndiyo imetulea kwa bendi zake: kina Seeds of Datura, halafu Duma, wale wawili waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Basi la usiku, Sirari alfajiri, foleni ya uhamiaji, na fulana nyeusi inayomfanya kila abiria akuulize unakwenda msiba wa nani. Hayo ndiyo nataka tuyasikie, sio orodha ya nyimbo tu.

Waliowatazama kwa simu Black Sabbath wakiaga jukwaa uwanjani Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, watasikilizwa. Ila huko sio kuhudhuria, tusidanganyane. (Ozzy, mwimbaji wao, aliimba akiwa amekaa kwenye kiti cha enzi, na siku 17 baadaye akafariki. Mimi ile video hadi leo siimalizi.)

Mwenye tiketi za zamani aje nazo. Dada zetu wapya wa Musoma, msione haya hata kama shoo ni moja. Spika tutaipunguza ikifika magharibi, majirani wa pale wametuvumilia mno.

Mjibu hapa kabla ya Ijumaa mchana nijue idadi ya samaki. Naagiza sato, anayetaka sangara ajitegemee.