Risala ya Klabu ya Vyombo vya Mfano kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kushua Vyombo, Pangani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Viongozi wa mtaa na wa kamati ya usimamizi wa pwani,
Wazee wetu mafundi wa vyombo,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzangu,
Itifaki imezingatiwa.

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wakubwa wetu wote, shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukaiona siku hii. Pili, tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo, na zaidi kwa kufika saa nne kamili kama barua ilivyosema. Tunalitaja hili kwa furaha kwa sababu si kila aliyewahi kualikwa kuketi kwenye kiti hicho alitufanyia hisani hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya klabu yetu ni fupi na hatutakuchosha nayo. Mwalimu mmoja wa kujitolea alipomaliza muda wake alituachia boksi lenye vipande vya kuunga chombo cha mfano kutoka Denmark. Chombo chenyewe ni mashua ya Kijerumani ya kuvulia kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini, ile inayokokota nyavu mbili kwa pamoja, moja kila ubavu, skeli ya 1:33. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yalikuwa yamekwisha kukatwa na fito za ubavuni zimechanwa unene mmoja. Rangi, gundi na mota havikuwemo. Kwa vitu hivyo tulichangishana wenyewe, na wazazi waliotoa tunawashukuru. Waliosema watoe mwisho wa mwezi tunawakumbusha kwa heshima.

Chombo kiliungwa, kikakamilika. Lakini mheshimiwa, hapa Pangani nani ataangalia mashua ya Kijerumani akaona maana yake? Wajumbe walikaa, wakaamua igeuzwe kuwa boti ya dagaa. Zile boriti mbili za kuning'inizia nyavu zikawa miti ya taa, kwa sababu dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza la mwezi, wakivutwa na mwanga. Taa tumezitoa kwenye tochi mbovu. Chumba cha nahodha kilikuwa nyuma na kimekula sitaha nzima, tukakipunguza kimo na kukisogeza mbele ili ipatikane nafasi ya kulaza wavu. Mota imetoka kwenye deki ya zamani ya sidii. Mhimili wa pangaboi umepitishwa ndani ya bomba la kalamu lililojazwa grisi, na hadi leo halijaingia tone. Wavu wenyewe ni kipande cha chandarua chakavu. Tunawahakikishia wakubwa wa uvuvi waliopo hapa kwamba hautateremshwa majini.

Baada ya hapo boksi lilikwisha, na klabu ingeweza kuisha nalo. Badala yake tulichukua futi kamba tukashuka pwani, tukapima mashua halisi ya mzee wetu mmoja ikiwa imepandishwa mchangani: mkuku, yaani uti wa chini, fashini, kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele, na upana kila baada ya hatua. Mzee alicheka sana. Alisema yeye hupima kwa jicho, na kwamba kwake mbao huanza kupanda ndipo mataruma yafuate, sisi tunaanzia mwisho. Hata hivyo alitusahihishia michoro mahali alipoona omo imelala mno. Kwa njia hiyo ya kupima na kuchora tumeunda mashua, dau na ngalawa kwa skeli ya 1:20, zote kwa vipande tulivyokata wenyewe. Ndizo hizo zilizopangwa mezani mbele yako.

Kwa ufupi, mafanikio ya klabu ni haya yafuatayo. Tumeshiriki maonyesho ya wilaya na kushika nafasi ya tatu katika ushindani mkali, washiriki wakiwa si wengi lakini wenye ubora wa hali ya juu. Tumeuza ngalawa moja kwa mgeni wa hoteli, na hivyo klabu imeingia rasmi katika soko la utalii. Na tumefanya utafiti wa kisayansi ambao tungependa uusikie, kwa kuwa walimu wetu wa fizikia wameuthibitisha ubaoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashua yetu ya kwanza tuliposhua mtoni wakati wa maji mafu ilikuwa imepunguzwa kila kipimo kwa haki, na bado ilipinduka kwa pumzi ya kwanza ya upepo. Sababu ni hii. Ukipunguza chombo mara 20, eneo la tanga linapungua mara 400, na kwa kuwa mlingoti nao umefupika mara 20, nguvu ya upepo ya kukilaza inapungua mara 8,000. Lakini uwezo wa chombo kujiinua, unaotegemea uzito na upana wake, unapungua mara 160,000. Upepo wa Kusi haujui skeli, unavuma vilevile. Kwa hiyo chombo kidogo kinalala mara 20 kwa urahisi zaidi kuliko baba yake. Dawa tuliyoipata ni mkuku wa ziada unaofungwa kwa skrubu mbili, chini yake tumepanga vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu. Kwenye maonyesho tunaufungua, mtoni tunaufunga. Ngalawa haikuhitaji chochote: ndubi zake, vile vielea vya pembeni, ziliisimamisha, na wazee waliokuwa ufukweni walitutazama kana kwamba hilo walilijua siku zote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba tufike kwenye jambo lililotufanya tukuandikie barua. Changamoto tunazo nyingi, kama klabu yoyote, na hatutazisoma zote. Rangi tutatafuta. Gundi tutatafuta. Tanga tunashona kwa vitambaa vya mashati ya shule. Ombi letu ni moja tu, mashine ndogo ya mezani ya kuchania mbao.

Turuhusu tueleze kwa nini, maana tumewahi kuambiwa kwamba vijana wanaopenda kazi hutumia msumeno wa mkono. Tunautumia. Ubao wa ubavuni wa mashua halisi una unene wa inchi moja hivi. Kwa skeli ya 1:20 unatakiwa uwe milimita moja na robo. Meno ya msumeno wa mkono peke yake hula karibu unene huohuo, kwa hiyo kila fito tunayoipata, nyingine kama hiyo imekwenda kuwa unga sakafuni. Na hiyo ni fito iliyonyooka. Mkono ukichoka katikati, msumeno huhama mstari, upande mmoja unakuwa milimita mbili na mwingine kama karatasi. Fito hiyo ukiiloweka kwenye maji ya moto ya chupa ya chai ili uikunje kwenye omo, inapasuka palepale penye wembamba, huku vibanio vya nguo vimekwisha kushikilia pande zote na gundi inakauka. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiliona hilo likitokea mara kwa mara anahamia klabu ya mpira, na hatuwezi kumlaumu.

Mbao tunazo. Seremala wa mjini wanatupa mabaki ya msaji (mtiki) wa Longuza, kule Muheza, bila malipo, yamejaa kwenye magunia nyuma ya stoo. Ni mbao nzuri, hailiwi na wadudu, ina mafuta yake. Lakini ni ngumu kwa msumeno wa mkono, na ndiyo maana magunia yamejaa.

Mashine hiyo ikipatikana, mheshimiwa, hatutaunda vyombo vyetu tu. Tutakata vipande vya ngalawa na mashua ya Pangani, tuviweke kwenye boksi pamoja na michoro na maelezo kwa Kiswahili, tuuze kwa shule nyingine na kwa wageni wanaopita kwenda kisiwa cha Maziwe. Boksi letu la kwanza lilitoka Denmark likiwa na chombo cha Wajerumani. Hatuoni sababu ya boksi la chombo cha Pangani kutotoka Pangani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunajua kwamba ombi hili si geni masikioni mwa baadhi ya waliopo. Kwa uaminifu tunapaswa kulieleza lilikopita. Mgeni rasmi mmoja aliyetangulia, ambaye tunamheshimu sana, alisimama hapa uliposimama wewe ulipofungua mabanda, akasema mashine itafika kabla shule hazijafungwa. Hakusema zitakazofungwa za mwaka gani, nasi hatukuuliza, kwa kuwa makofi yalikuwa mengi. Kwa furaha ile klabu ilimwaga msingi wa zege kwenye kona ya karakana na fundi akavuta waya hadi hapo. Soketi ipo, mita ya umeme ya LUKU inasoma, swichi inawaka taa nyekundu. Msingi huo kwa sasa unatumika kama kiti, na unatumika vizuri.

Baadaye tuliombwa profoma, yaani hati ya bei kutoka dukani. Tukapeleka. Tukaambiwa muda wake umepita kwa kuwa ilikaa mezani muda mrefu, tulete nyingine. Tukapeleka nyingine. Mwenye duka sasa anatufahamu kwa majina na akituona anachapa bila kuuliza.

Mgeni mwingine, kwa upendo mkubwa, alituletea fulana zenye picha ya jahazi kifuani. Tunazishukuru kwa dhati, na kama unavyoona, wanachama wote wamezivaa leo kwa heshima ya siku hii. Ila fulana haichani mbao.

Hatuyasemi haya kwa kulaumu, mheshimiwa. Wakubwa wana mengi, na tunafahamu kuwa kati ya neno la jukwaani na hundi kuna ofisi nyingi. Tunayasema ili usije ukarudia njia ileile kwa kutoifahamu. Hatukuombi leo utamke kiasi wala tarehe. Hata ukisema «nitalifanyia kazi» tutapiga makofi, kwa kuwa tumelelewa vizuri, lakini vijana wakubwa wa klabu wamekwisha kulijua neno hilo. Tunakuomba ufanye jambo jepesi zaidi. Katika bahasha ya kaki iliyo mbele yako, chini ya ratiba, kuna profoma ya wiki hii. Bei hatutaisoma hadharani. Pamoja nayo kuna karatasi moja yenye mistari mitatu: kiasi ambacho klabu imekwisha kukusanya, kiasi kilichobaki, na nafasi ya jina la atakayekuwa anafuatilia kwa niaba yako, pamoja na namba yake ya simu. Mistari miwili ya kwanza tumeijaza. Kama jina hilo litakuwa lako mwenyewe, tutafurahi. Kama ni la msaidizi wako, tutafurahi vilevile, ili mradi simu yake ipokelewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii ratiba inasema utatembelea meza zetu, kisha utashua boti ya dagaa mtoni. Kwenye meza ya tatu wanachama wawili watachana fito moja ya msaji kwa msumeno wa mkono mbele yako, mwanzo hadi mwisho. Tunaomba usiharakishwe hapo. Viti vimewekwa, na maji ya kunywa yapo, kwa sababu inachukua muda. Maji ya mto yatakuwa yamejaa saa sita na nusu, kwa hiyo boti haitachelewa.

Kalamu ipo ndani ya bahasha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanachama wenzangu, naomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu