Kwa vijana wetu mlioko misheni: iandikeni wiki jinsi ilivyokuwa

Wanangu wapendwa mnaotumikia misheni ya Kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho,

Salamu nyingi ziwafikie popote mlipo. Sisi huku hatujambo, na tunawaombea.

Ama baada ya salamu, nimekuwa nikisoma barua mnazotutumia siku ya maandalizi, ile siku moja ya wiki mnayopewa kwa shughuli zenu, mkishafua na kununua mahitaji. Nazipenda, hata zile ndefu. Ila siku hizi zimeanza kufanana mno. Kila wiki ni ya ajabu, kila mwenzi mpya, yaani mmisionari mnayepangiwa kutumika naye, ni bora kuliko aliyemtangulia, kila mlango unafunguliwa na mtu aliyekuwa akiwangoja ninyi tu. Mimi ni mtu mzima, wanangu. Wiki za namna hiyo zipo, lakini hazifuatani kama zinavyofuatana katika barua zenu.

Wiki ya mmisionari tunaijua. Mnaamka mapema, mnasoma maandiko kila mmoja peke yake, kisha wawili pamoja, mnahangaika na lugha isiyotaka kutoka mdomoni, mnatoka. Mwenye miadi ya asubuhi hayupo. Wa mchana yupo, anachungulia dirishani na hafungui. Jioni mnampata mmoja, mnamfundisha kwa maneno ya kuungaunga, naye anawasikiliza kwa kuwa tu ana adabu. Usiku mnapanga ya kesho. Mara nyingi ndiyo hiyo, kwa miezi 24 kwa wavulana na 18 kwa wasichana, wala sioni aibu yoyote ndani yake. Kwa nini basi mnaificha?

Someni tena sura ya mwisho ya barua ya pili kwa Timotheo. Paulo yuko kifungoni, anajua mwisho wake u karibu, na bado anaeleza mambo yalivyo. Dema amemwacha. Trofimo amebaki Mileto, mgonjwa. Luka peke yake ndiye aliye naye. Anaomba aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume mzima anataka joho lake! Hakuona kwamba imani yake ingepungua machoni petu tukijua kuwa alisikia baridi na upweke.

Au mtazameni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani ambaye hakuwa wa Kanisa letu. Alifika Mombasa mwaka 1846 na hakurudi kwao Ulaya hadi 1875, macho yakiwa yamekwisha kumharibika. Waumini aliowapata miaka yote hiyo walikuwa wachache sana. Angelazimika kutuma takwimu kila wiki ili kanisa la nyumbani lifurahi, sijui angeandika nini.

Sisemi mmwage kila kitu hadharani. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mama aliyewafungulia mlango akalia mbele yenu juu ya ndoa yake hakulia ili ninyi mpate aya nzuri. Kilio kile ni chake. Barua zenu zinasambazwa: shangazi anampelekea jirani, jirani anaiweka kwenye kundi la simu, na siku hizi mtu wa nchi yoyote anaweza kutafsiri lugha yoyote papo hapo. Yule mama ataisoma. Picha pia. Mtoto wa watu kupigwa picha amekumbatiana na mgeni mwenye kibandiko cha jina kifuani, wazazi wake hawakuulizwa, ni jambo ambalo nisingelikubali kwa mjukuu wangu. Kama hamkuomba ruhusa, msitume. Na mkiombwa mfute, futeni siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kwa mwenzi wako. Mnakaa pamoja kutwa kucha, hamkuchaguana, na baada ya wiki kadhaa mnaweza kuhamishwa msionane tena. Atakukera, nawe utamkera. Mwambie yeye, usituambie sisi tusioweza kusaidia ila kuchukua upande.

Kuna mengine ambayo si ya barua kabisa. Usipopata usingizi, ukilia bila kujua sababu, ukishindwa kula, ukiumwa na ukaona haya kusema, usingoje siku ya maandalizi. Mwambie rais wa misheni, kiongozi anayewasimamia huko, leo. Yuko hapo kwa ajili hiyo, na kunyamaza si uvumilivu. Kisha mwambieni mzazi. Tangu Februari 2019 mnaruhusiwa kuongea na nyumbani kila wiki. Wakubwa wenu walipiga simu Krismasi na Siku ya Mama tu, basi. Ruhusa hiyo msiitumie kutoa hotuba. Mama anaisikia sauti kabla ya maneno, kwa hiyo mnajichosha bure.

Na ikiamuliwa kuwa mrudi kabla ya wakati, rudini. Sitaki kusikia mtu wa kigingi chetu, yaani wa makusanyiko yetu ya eneo hili, akimtazama kijana huyo kwa jicho la pembeni. Aliyetumikia miezi minne ametumikia, na atapewa kiti chake pale pale alipokuwa akikaa.

Sasa nageukia ninyi mliobaki nyumbani, maana nusu ya kosa ni letu. Tumewafundisha vijana kuandika hivi kwa maswali yetu. Swali la kwanza ni wamebatiza wangapi, la pili ni lini watabatiza tena. Mtoto akisikia hilo kila wiki, atatafuta la kutufurahisha. Muulizeni anafundisha nani bila kudai jina, lugha imefikia wapi, mwenzi wake anaendeleaje, viatu bado vinafaa. Akijibu kwamba wiki nzima hakuna aliyewakaribisha, msimkimbilize na andiko. Mwacheni amalize.

Wiki ijayo, wanangu, nileteeni barua fupi. Nitajieni jambo moja lililowashinda na mtu mmoja aliyewatendea wema, hata kama hataki kusikia habari ya dini yenu.

Ni mimi mzee wenu katika imani.